Sekunde tatu za Munich



Leo nataka tuzungumze juu ya sekunde tatu tu. Hata njiti ya kiberiti haijashika moto vizuri, zimekwisha. Lakini zile zilizochezwa mjini Munich, Ujerumani, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 1972, zinabishaniwa mpaka leo.

Ilikuwa fainali ya mpira wa kikapu ya Olimpiki, Marekani na Umoja wa Kisovieti wa wakati ule. Marekani haikuwa imepata kufungwa katika Olimpiki tangu mchezo huo uingizwe mwaka 1936. Zikiwa zimebaki sekunde tatu, Doug Collins alifunga mitupo miwili ya adhabu, ikawa 50 kwa 49. Wakati wa mtupo wa pili king'ora kililia kutoka mezani. Benchi la Wasovieti likadai kwamba liliomba mapumziko likanyimwa. Mpira ukarushwa, kisha marefa wakasimamisha mchezo saa ikiwa imebakiza sekunde moja.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. R. William Jones, Katibu Mkuu wa FIBA, yaani shirikisho la dunia, alishuka kutoka jukwaani akaagiza saa irudishwe kwenye sekunde tatu. Kanuni hazikumpa madaraka hayo, lakini nani angembishia mkubwa? Mpira ukarushwa tena kabla mtunza saa hajamaliza kazi yake. Saa ilikuwa ikionyesha sekunde 50! King'ora kikalia, Wamarekani wakashangilia, wakaambiwa warudi uwanjani. Mara ya tatu Ivan Edeshko aliutupa mpira toka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, Aleksandr Belov akaudaka na kufunga. 51 kwa 50. Rufani ilikataliwa kwa kura tatu dhidi ya mbili, na zile tatu zilitoka Cuba, Hungary na Poland. Refa Renato Righetto wa Brazil alikataa kutia saini fomu ya matokeo.

Wapo wasemao kwamba Wasovieti walistahili sekunde zile. Inawezekana, na mimi sigombani nao. Ninachouliza ni nani aliyeamua. Mtunza saa ni binadamu, kidole chake huchelewa, na mitambo nayo hugoma. Kosa la namna hiyo lina mwenyewe wa kulisahihisha, naye ni refa.

Kanuni za FIBA za siku hizi zinamruhusu kulisahihisha wakati wowote kabla refa mkuu hajatia saini fomu. Alisahihishe kwa kitu anachokijua kwa hakika, si kwa huruma wala kwa kelele za mashabiki. Kama saa kubwa haikuanza, lakini ile ya sekunde 24 imeshuka hadi 18, basi sekunde sita zimekwenda, aziondoe. Kama hakuna hiyo, awaulize mwenzake na watu wa mezani. Si kocha, wala mgeni rasmi aliyekalishwa kwenye kiti chenye mto. Kisha awaite makocha wote wawili pamoja awaeleze, na asimpe mtu mpira kabla hajaitazama saa kwa macho yake. Jambo hili dogo la mwisho lingeokoa mengi Munich.

Kwenye kiwanja ambacho meza ina saa ya mkononi tu, ambayo wachezaji hawaioni, refa atangaze kwa sauti sekunde zilizobaki. Haimgharimu kitu.

Kuna makosa mengine ambayo hata refa hodari hawezi kuyakamata. Tarehe 15 Januari 1990, mjini New York, Trent Tucker alipokea mpira, akageuka na kufunga pointi tatu zilizoipa timu yake ushindi dhidi ya Chicago. Saa ilikuwa imebakiza sehemu moja ya kumi ya sekunde! Hakuna binadamu awezaye hayo, ila saa ikichelewa kuanza. Ligi ile haikutaka kubishana kila usiku. Iliamua kwamba chini ya sehemu tatu za kumi mchezaji hawezi kudaka na kutupa, ataugusa tu mpira hewani uingie. FIBA nayo inayo kanuni hiyo.

Wale Wamarekani wa Munich hawakuzipokea medali zao za fedha. Nahodha wao, Kenny Davis, aliandika katika wosia wake kwamba mkewe na watoto wake wasije wakaipokea yake.