Imani ya Mzazi, Uhai wa Mtoto

Leo tuna swali gumu: mzazi akikataa kumpeleka mtoto hospitali kwa sababu ya dini, serikali iingilie?

Katiba ya Kenya ya 2010 haimdharau mzazi huyo. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu. Lakini kifungu cha 53 kinasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, masilahi yake ndiyo yanayotangulia. Kumpeleka madrasa au kanisani, kumfundisha sala, kumvalisha kama dini inavyotaka: hayo ni ya mzazi, na afisa wa watoto hana la kuuliza. Kumnyima chakula au dawa ya malaria ni jambo jingine kabisa.

Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilituonyesha mpaka huo kwa uchungu. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ikiwemo ya watoto wengi. Wengi walikufa kwa njaa, katika mfungo uliofanywa kwa jina la dini. Mtu mzima aweza kudai alichagua kufunga. Mtoto wa miaka minne alichagua lini?

Hata hivyo, mkono wa serikali nao huumiza. Mtoto anayetolewa kwao usiku na polisi hubaki na jeraha, na mzazi mkaidi huenda akamsikiliza sheikh au mchungaji anayemheshimu. Anza hapo, muda ukiruhusu. Lakini mtoto akiwa hatarini sasa hivi, usingoje kikao cha wazee: piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.