Somo la Radio: Mtu wa Maji ya Kunde

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya: mweusi, mweupe, maji ya kunde. Chini yake andika neno moja la Kiingereza: swarthy. Hutamkwa "swodhi".

Neno hili la Kiingereza ni la zamani. Siku hizi halisemwi sana, lakini katika vitabu vya hadithi vya zamani utalikuta likieleza baharia au mgeni ambaye ngozi yake imeelekea weusi. Shina lake ni neno la kale la Waingereza lenye maana ya "-eusi". Ni ndugu wa neno la Kijerumani, schwarz, ambalo maana yake ni hiyo hiyo mpaka leo.

Sasa tuulize: mtu awe mweusi kiasi gani ndipo aitwe hivyo? Hapo ndipo penye shida. Mwaka 1751 mwandishi mashuhuri wa Marekani, Benjamin Franklin, aliandika kwamba Wahispania, Waitalia, Wafaransa, Warusi na Waswidi wote wana rangi hiyo. Hata Wajerumani aliwatia humo, isipokuwa Wasaksoni peke yao. Kwa maoni yake, hao pamoja na Waingereza ndio hasa waliokuwa weupe. Lakini Mswidi akishuka leo Kilwa Masoko, nani atamwona mweusi?

Basi, twajifunza nini hapo? Neno lile halikuwa kipimo cha ngozi. Lilikuwa kipimo cha jicho la msemaji. Mtu aliyeonekana mgeni alipakwa weusi kidogo.

Haya, na sisi je? Kiswahili kina neno lake: maji ya kunde. Kila mmoja wenu anajua asili yake. Mama akichemsha kunde, maji ya chunguni hugeuka rangi, yakawa ya udongo udongo. Mtu asiye mweusi sana wala mweupe sana, twasema ni maji ya kunde. Ni neno zuri, kwa sababu msemaji na msikilizaji wote wawili wamekwisha kukiona chungu hicho.

Lakini tusijisifu upesi. Tukisema, "Binti yule ni mweupe," hatuna maana kwamba ni mweupe kama pamba. Maana yetu ni kwamba ni mweupe kuliko jirani yake. Akihamia mji mwingine, huenda huko akaitwa maji ya kunde. Ngozi yake ni ile ile; macho ndiyo yaliyobadilika.

Kwa hivyo, neno la rangi lina kazi gani? Tuseme mtoto amepotea sokoni. Unaandika tangazo: "Mvulana, umri miaka minane, maji ya kunde, amevaa shati la kijani, ana kovu kwenye paji la uso." Hapo neno limefanya kazi njema, limesaidia kumtafuta mtoto. Lakini angalia: shati na kovu vitasaidia zaidi kuliko rangi.

Neno huharibika likitumiwa kupanga watu vyeo. Katika Tanganyika iliyotawaliwa na Waingereza, Waafrika, Waasia na Wazungu walikuwa na shule zao mbalimbali. Mwezi Oktoba 1961, Uhuru ukiwa karibu, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Wako wabunge waliotaka uraia utazame asili na rangi ya mtu. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule, alikataa kwa nguvu. Hata alisema yuko tayari kujiuzulu kwa ajili ya jambo hilo. Sheria ikapita bila sharti la rangi.

Wataalamu wa afya nao wametufundisha. Ngozi za wanadamu wote zina chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini, na idadi ya chembe hizo ni karibu sawa kwa mweusi na mweupe. Tofauti ni wingi na aina ya melanini inayotengenezwa. Melanini hiyo hukinga ngozi na jua kali. Basi anayejipaka mkorogo ili awe mweupe anaibomoa ngao yake mwenyewe. Mikorogo mingine imetiwa zebaki, na zebaki hudhuru figo. Wazazi, kabla ya kumsifu mtoto mmoja kwa weupe wake mbele ya ndugu zake, kumbukeni kwamba yule mwingine anasikia.

Kwa kifupi: tumia neno la rangi ili mtu apate kutambulikana, usilitumie ili adharauliwe.

Maswali ya darasani:

1. Kwa nini twasema "maji ya kunde"? Eleza kwa sentensi mbili.
2. Andika tangazo la mtu aliyepotea. Taja umri, mavazi, alama, kisha rangi.
3. Taja neno la rangi ambalo watu wa kwenu hulitumia kwa dharau. Zungumzeni: laweza kuachwa namna gani?

Mwalimu wa darasa atasahihisha madaftari.