Umri wa Mwili Huanzia Jikoni

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia)



Kwa nini watu wawili wa rika moja, mmoja huchakaa mapema na mwingine bado ana nguvu? Wengi husema ni damu ya ukoo. Ni kweli, lakini si yote.

Wenye mizinga watatuelewa. Malkia na nyuki wa kazi hutoka kwenye mayai ya aina moja. Yule wa kuwa malkia hulishwa maziwa ya nyuki mpaka mwisho. Wengine, baada ya siku kama tatu, huchanganyiwa asali na chavua. Basi malkia huweza kuishi miaka miwili na zaidi, na nyuki wa kazi, msimu wa maua, wiki sita hivi. Tofauti ni nini? Juu ya jeni kuna alama ndogo ndogo za kemikali, zinazoiambia hii ifanye kazi, na ile inyamaze. Elimu hiyo huitwa epijenetiki.

Sisi watu pia tunazo. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, vitani, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Mwaka 2008 wataalamu walieleza kwamba waliotungwa mimba wakati wa njaa ile, miaka 60 baadaye, alama zao kwenye jeni moja ya ukuaji zilikuwa pungufu kuliko za ndugu zao. Watoto wa njaa ile pia walisumbuliwa zaidi na sukari mwilini ukubwani.

Alama hizi hubadilika tukizeeka. Mwaka 2013 Steve Horvath wa Marekani alionyesha kwamba kupima sehemu 353 za alama hizo kunaweza kukadiria umri wa mtu. Sigara huzivuruga, ukiacha, nyingi hurudi polepole.

Sasa tufanye nini?

1. Mimba huanza kabla mama hajajua. Kwa hiyo wasichana na akina mama wote wale vizuri, si wajawazito peke yao. Mayai na maharagwe ya mradi yasiishie yote sokoni.

2. Anayevuta sigara aache, hajachelewa.

3. Tusinunue dawa za kurudisha ujana. Hazipo.

4. Tusimlaumu mama aliyekosa chakula. Njaa ya mmoja ni deni la kijiji kizima.

Mjadiliane kikundini: kwenu, nani hula mwisho, na hubakishiwa nini?