Intaneti Ikikatika Nyumbani, Tuanze Kutafuta Wapi?

  Somo la leo halina hesabu ngumu. Ni juu ya kile kisanduku kilichotundikwa ukutani kwako na fundi wa kampuni ya intaneti, chenye taa ndogo ndogo, ambacho tumezoea kukiita ruta. Kikifanya kazi hakuna mtu anayekitazama. Kikiacha, nyumba yote husimama: kijana hawezi kupeleka kazi yake chuoni kabla ya saa sita ya usiku, mwenye kushona nguo haoni maagizo ya wateja wake, na bibi hapati kuzungumza na binti yake aliyeko Maskati. Tena siku ya mwisho wa mwezi ikifika, ada hulipwa ile ile.

Basi kwanza tutengeneze maneno yetu. Mtu akisema, "Intaneti imekatika," hajasema jambo bado. Ni kama kusema, "Maji hayatoki." Maji yaweza kukosekana kwa kuwa bomba la mtaa limepasuka, au mita imefungwa, au mfereji mmoja wa jikoni umeziba. Fundi mwenye akili habomoi ukuta kabla ya kufungua mfereji wa pili. Intaneti nayo ina njia yake: huanzia kwenye simu au kompyuta yako, hupita katika mawimbi ya waifai, huingia katika ruta, hutoka kwa waya hadi kwa kampuni, na kutoka huko huenda mbali, hata chini ya bahari. Kazi yetu ni kujua imekatika mahali gani.

Chukua simu ya pili, ya mtu mwingine wa nyumbani. Kama hiyo inapata intaneti, iache ruta yako ipumzike, haina kosa. Tazama ile simu ya kwanza. Pengine waifai yake imezimwa, au nywila imebadilishwa, au tarehe na saa zake si sahihi. Simu yenye tarehe ya uongo hukataliwa na kurasa nyingi zenye ulinzi. Iambie simu isahau mtandao ule, kisha uingie upya.

Kama simu zote hazipati kitu, twende mbele, na hapa nataka utulie kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Ile alama ya waifai juu ya kioo cha simu haisemi kwamba una intaneti. Yasema tu kwamba simu inaisikia ruta. Ni kama kuitikiwa na karani mlangoni; hujajua bado kama bwana mkubwa yumo ofisini. Kwa hiyo alama yaweza kujaa kabisa na usipate hata barua moja. Kuna njia nyepesi ya kupima. Chini ya ruta, au ubavuni, kuna karatasi iliyobandikwa yenye anwani ya ruta yenyewe. Aghalabu ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike mahali pa kuandikia anwani za kurasa. Ukurasa wa ruta ukifunguka, njia ya ndani ya nyumba ni nzima, na ubovu uko ng'ambo ya ruta. Usipofunguka, ubovu u ndani. Na kama unatumia kompyuta, ukaona anwani yake inaanza na 169.254, ujue kompyuta iliomba namba, isipewe, ikajipa yenyewe.

Sasa zitazame taa. Katika nyumba zenye faiba, kama zilivyo nyingi siku hizi Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, utaona taa iliyoandikwa PON na nyingine iliyoandikwa LOS. PON ikitulia bila kupepesa, ruta na kampuni zimesikilizana. LOS ikiwaka nyekundu, nuru haifiki. Nasema nuru kwa sababu faiba si waya wa shaba. Ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na habari hupita ndani yake kwa miali. Uzi huo haupendi kukunjwa. Ukiubana kwa mguu wa kochi, au ukaupinda kwa ukali nyuma ya kabati, nuru huvuja pale penye kona. Panya nao hawajui kwamba si chakula. Ufuate kwa macho tangu kwenye ruta hadi unapotokea ukutani, unyooshe palipopindwa, kisha uhakikishe kwamba ncha yake imeingia mpaka mwisho. Lakini usiichomoe na kuchungulia ndani. Nuru ile haionekani kwa jicho la mtu, na jambo lisiloonekana laweza kuumiza. Usiiguse kwa kidole vilevile, kwani mafuta ya mkono yatosha kuzuia miali. Uzi ukiwa umevunjika, hakuna dawa nyumbani. Hiyo ni kazi ya fundi wa kampuni mwenye mashine ya kuunganisha vioo.

Kama LOS haiwaki na bado hupati kitu, nitakuuliza swali kwa sauti ndogo: umelipa? Wengi wamehangaika na waya jioni nzima, kumbe muda wao ulikwisha asubuhi.

Umelipa? Vema, sasa zima ruta kwenye swichi ya ukutani, hesabu nusu dakika, uiwashe, kisha usiiguse kwa dakika tano. Watu hulicheka shauri hili, lakini lina maana. Ruta ni kompyuta ndogo. Hujaa, huchanganyikiwa, na ikiwashwa upya huomba tena anwani kwa kampuni. Walakini ikiwa wafanya hivyo kila siku, hujaponya ugonjwa. Angalia kama ruta imefungiwa mahali pa joto, au kama ile adapta yake imechoka. Ukibadili adapta, volti zilingane na zilizoandikwa kwenye ruta. Ya volti 9 haifai kwa ruta ya volti 12, hata kama ncha yake inaingia.

Kuzima na kuwasha si sawa na kufuta. Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo cha kuchomekwa sindano. Jirani atakuja na ushauri wake: "Bonyeza hapo, itapona." Usibonyeze! Kitundu hicho hufuta kila kitu kilichoandikwa ndani. Kwa baadhi ya kampuni, humo mna jina na nywila ambazo ruta hujitambulisha nazo, nazo alizitia fundi, wewe huna. Ulikuwa na ubovu wa saa moja. Sasa una wa siku tatu, mpaka fundi apate nafasi.

Jambo jingine ambalo nimeliona katika nyumba zaidi ya moja ni ruta ya pili. Waifai haifiki chumba cha nyuma, kwa hiyo mtu hununua ruta nyingine na kuiunganisha na ya kwanza. Kisha mambo huanza kuwa ya ajabu: huyu anapata, yule hapati, kesho wanabadilishana. Sababu ni kwamba kila ruta hujiona ndiyo mwenye nyumba na hugawa namba kwa vyombo. Simu iliyopewa namba na ruta ya pili yaweza kuelekezwa mlango ambao hautoki nje. Nyumba moja na iwe na mgawaji mmoja. Ingia katika ukurasa wa ruta ya pili uzime kazi hiyo ya kugawa, iliyoandikwa DHCP, na uipe anwani isiyofanana na ya kwanza. Pengine hata huihitaji. Jaribu kwanza kuitoa ruta nyuma ya televisheni na kuiweka juu, katikati ya nyumba. Mawimbi ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini kuta za zege huyashinda upesi. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, ila hugombana na ya majirani na hata na jiko la maikrowevu.

Wakati mwingine ubovu hauko kwako wala mtaani kwako. Mnamo Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikapata shida kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo waulize majirani kabla ya kushika chochote.

Na kasi je? Mkataba wa megabiti 20 hukupa megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Wengi wanaodhani wameibiwa, hawakuibiwa. Lakini pima kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, vyombo vingine vikiwa vimezimwa. Ukipata chini sana mara kwa mara, una haki ya kudai.

Ukipiga simu kwa kampuni, usiseme "intaneti imekatika." Sema hivi: "Habari za kazi, dada. Taa ya LOS ni nyekundu tangu saa mbili asubuhi. Nimekwisha lipa. Nimezima na kuwasha mara moja, na uzi haukupindwa. Naomba namba ya malalamiko." Utaona jinsi maswali yatakavyopungua. Iandike namba hiyo pamoja na tarehe, saa, na jina ulilotajiwa. Ukija kudai urudishiwe siku ulizokosa, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako. Bila hiyo, utabaki na neno lako mbele ya kitabu chao.

Zoezi la juma hili: leo usiku, intaneti ikiwa nzima, iendee ruta yako na kuandika kila taa jina lake, rangi yake, na kama inatulia au inapepesa. Karatasi hiyo ibandike ukutani karibu nayo. Juma lijalo tutaitumia tutakaposoma juu ya nywila na wageni wasioalikwa katika waifai yako. Kwaherini.