Ubao wa Mtaa: Nani Anamnyima Habari Mkazi wa Jiji?



Nimekuja kujibu hoja moja. Imezungumzwa miaka mingi katika semina zetu, na siku hizi naisikia hata katika mazungumzo ya watu wenye dhamana. Inasema hivi: mkazi wa jiji hajali mambo ya mtaa wake. Mkutano ukiitishwa haji. Mapato na matumizi yakisomwa hayumo. Akili yake iko kwenye siasa za kitaifa, mpira na riziki. Kwa hiyo, kumbandikia habari za serikali ya mtaa ni kupoteza karatasi. Ziwekwe kwenye tovuti ya halmashauri na kwenye grupu la WhatsApp, na anayezihitaji atazitafuta.

Nasema hoja hii si ya kweli. Nasema pia kwamba inaumiza watu, kwa sababu inamtwisha mwananchi lawama ya kutojua jambo ambalo hakuambiwa.

Historia mnaijua, nitaipita haraka. Mwaka 1972 tulifuta halmashauri, mwaka 1978 tukarudisha za miji, mwaka 1982 tukatunga sheria ambazo mpaka leo ndizo uti wa mgongo wa mfumo, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza upya kazi. Ibara za 145 na 146 za Katiba ya Tanzania zinaeleza kuwapo kwa serikali za mitaa na lengo lake, yaani kuwapelekea wananchi madaraka. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu wa kuomba taarifa hizo. Mambo ya Tume ya Jiji la Dar es Salaam, kugawanywa kwa jiji kuwa manispaa, na Ilala kupandishwa hadhi kuwa Jiji mwaka 2021, wataalamu wa utawala mliomo humu mmeyaandika vizuri kuliko nitakavyoweza kuyasema.

Turudi kwenye hoja. Wanaoishikilia huanza kwa kulinganisha kijiji na mtaa. Kijijini, wanasema, watu hufurika mkutanoni, lakini mjini viti vinabaki vitupu. Wanahitimisha kwamba mji huua moyo wa ujamaa.

Huu ni ulinganisho wa vitu visivyolingana. Halmashauri ya kijiji, kwa Sheria Na. 7 ya 1982, ina hadhi ya kisheria. Inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa, inatunga sheria ndogo. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mkutano mkuu wa kijiji una kauli juu ya ugawaji wa ardhi. Mkulima asipohudhuria, anaweza kuamka kesho akute malisho yake yamegawiwa mtu mwingine. Mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo. Kamati yake hushauri, husimamia ulinzi na usafi, hutunza rejesta ya wakazi na kutekeleza yaliyoamuliwa na halmashauri. Bajeti iko juu, na ardhi iko juu. Mkazi anayeacha biashara yake kwenda kikaoni anajua kwamba neno zito la siku hiyo limeshasemwa kwenye baraza la madiwani. Kutokwenda kwake kuna hesabu ndani yake. Anayeiita hesabu hiyo kutojali hajauliza mkutano wenyewe una uwezo wa kuamua nini.

Ongezeni mambo mawili. Mikutano mingi huitwa asubuhi ya siku ya kazi, wakati mama lishe yuko jikoni, dereva wa bodaboda yuko barabarani na mchuuzi yuko Kariakoo. Halafu kuna wapangaji. Katika Mkoa wa Dar es Salaam, wenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, ambamo nyumba moja ya Uswahilini inaweza kubeba kaya sita, mwenye nyumba ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyeji. Mpangaji hulipa kodi, hununua maji, hutoa mchango wa ulinzi shirikishi, kisha huonekana mgeni linapofika suala la kujulishwa. Zamani balozi wa nyumba kumi alibisha hodi kila mlango na kuwafikia hata hao. Baada ya 1992 nafasi hiyo ilibaki kwenye chama, na sisi hatukuweka chombo cha umma cha kufanya kazi yake. Tuliondoa mpiga mbiu, kisha tukawalaumu watu kwa kutosikia mbiu.

Sasa niijibu silaha kubwa zaidi ya wanaoishikilia hoja hii, maana ni ya kisomi na haistahili kupuuzwa. Mwaka 2014 watafiti Lieberman, Posner na Tsai walichapisha utafiti uliofanyika vijijini Kenya, kuhusu kazi ya mpango wa Uwezo ya kupima elimu ya watoto majumbani na kuwapa wazazi matokeo papo hapo. Walitaka kujua kama mzazi aliyepewa taarifa atachukua hatua, shuleni au serikalini. Hawakuona mabadiliko ya maana. Wenzetu wameushika utafiti huu kwa mikono miwili: mnaona, habari hazibadilishi kitu.

Ukiusoma wote, unasema jambo jingine. Waandishi wenyewe waliorodhesha hatua ambazo taarifa lazima ipitie kabla mtu hajainuka. Lazima aielewe. Lazima iwe mpya kwake. Lazima ihusu jambo analoliona zito na analoamini ni wajibu wake. Lazima ajue la kufanya, na aamini kwamba akifanya kutakuwa na matokeo. Mnyororo ukikatika popote, hakuna kitakachotokea. Huo ni ushahidi kwamba habari peke yake haitoshi. Hausemi kwamba watu hawajali, na hausemi kwamba habari haifai. Tena taarifa ile iliingia katika kila nyumba peke yake, faraghani. Hapakuwa na mahali ambapo wazazi wote walisimama mbele ya karatasi ileile, kila mmoja akijua kwamba mwenzake naye ameiona.

Uganda inatupa upande wa pili. Watafiti Reinikka na Svensson walikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 ni takriban asilimia 13 tu ya ruzuku ya wanafunzi iliyofika shule za msingi. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hadharani kiasi zilichopokea. Miaka michache baadaye, zaidi ya asilimia 80 ikawa inafika. Mwaka 2007 mtafiti Paul Hubbard alionya kwamba magazeti hayastahili sifa yote, kwa kuwa yalikwenda sambamba na mageuzi mapana ya fedha na elimu. Namkubalia. Hata hivyo, mageuzi ya Wizara ya Fedha hayakumwezesha mzazi kusimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, asome kiasi, akilinganishe na madawati anayoyaona kwa macho yake, na aulize. Karatasi ilimwezesha.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nafika kwenye chanzo ninachokipenda kuliko vyote. Katika maktaba yetu hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mkusanyo wa East Africana, kuna Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923. Wanafasihi hulitaja kwa ajili ya mashairi, na wanahistoria kwa ajili ya siasa za kikoloni. Mimi hulifungua kwa ajili ya habari fupi zilizotumwa kutoka miji na wilaya mbalimbali. Ni mistari michache michache: mvua zimenyesha, mazao yako hivi, mkubwa wa serikali amepita, fulani amefariki, mnyama mkali anasumbua. Gazeti lilikuwa la mkoloni na mipaka yake ilijulikana. Lakini angalieni umbo la habari zile. Zina jina la mahali. Mara nyingi zina jina la aliyezileta, karani au mwalimu, mtu ambaye msomaji wa mji huo angeweza kumfuata na kumwambia, bwana, hili hukulisema sawa. Kwa hiyo habari ilikuwa na anwani na mwenye kuijibia.

Mwaka 1937 Erica Fiah, mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye asili ya Buganda, alianzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Miaka mitatu kabla alikuwa ameanzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika. Kwetu lilizungumzia maisha ya Mwafrika wa mjini: ujira, biashara, gharama, namna alivyotendewa na wakubwa. Nikiyasoma magazeti haya mawili pamoja, simwoni mkazi wa mji asiyejali. Namwona mtu aliyekuwa tayari kununua karatasi, kuisomea wenzake barazani na kuiandikia barua, alipoona kwamba mji wake umo ndani yake. Wanaosema mji huua hamu ya habari za jirani wangetenga wiki moja waisome rafu hiyo.

Nije kwenye siku zetu. Jirani yangu mmoja ni fundi cherehani. Yeye na wanawake wenzake walikuwa na kikundi, katiba na akaunti ya benki. Walikuwa wakingoja mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ambayo sheria imeigawa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Walisikia habari muda wa maombi ulipokwisha. Nikaongozana naye hadi ofisi ya serikali ya mtaa. Tangazo lilikuwepo kweli, karatasi ya A4 yenye muhuri wa bluu. Lilikuwa limebandikwa ukutani ndani ya chumba cha mtendaji wa mtaa, nyuma ya mlango, hivi kwamba mlango ukiwa wazi halionekani. Juu yake palikuwa pamebandikwa tangazo la chanjo ya surua, na kona ya tangazo hilo ndiyo iliyoufunika mstari wa tarehe ya mwisho. Fundi akainua kona kwa kidole, akasoma, akairudisha taratibu ilivyokuwa. Akamwambia mtendaji, "Basi mwakani, mwanangu, mtuwekee nje."

Mwanamke huyo alijali. Alikuwa na kikundi kwenye karatasi na nauli mfukoni. Kilichokosekana ni karatasi kuwa upande wa pili wa ukuta. Na mikopo hii ndiyo iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya, baada ya malalamiko mengi juu ya usimamizi, vikundi hewa vikiwamo. Kikundi hewa huzaliwa pale ambapo majina ya waliokopa hayajulikani mtaani. Yabandikwe nje, na majirani watasema wenyewe ni nani hawamjui.

Najua nitaambiwa: Profesa, simu ziko mikononi mwa watu, ya nini mbao? Nimeipima hoja hii kwa haki. Simu ni ya haraka. Mafuriko yanapokuja Jangwani au bomba kuu linapopasuka, ujumbe wa simu unaokoa, na hakuna karatasi itakayoshindana nao. Mtu asiyeona anaweza kusomewa na simu yake. Ubao hulowa mvua, na asiyejua kusoma humhitaji mwenzake. Yote haya ni kweli, na simu itumike.

Lakini grupu lina msimamizi, na msimamizi humwingiza amtakaye na kumtoa amchokaye. Mpangaji aliyehamia mwezi uliopita hayumo. Mzee mwenye simu ya kitochi hayumo, naye huenda ndiye anayestahili matibabu ya bure kwa wazee na anahitaji kujua serikali ya mtaa itamtambua vipi. Ujumbe wa saa tatu asubuhi umezikwa na salamu na picha za harusi ifikapo jioni, na baada ya mwezi hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ulitumwa. Ubao hauna wa kumtoa mtu. Kilichobandikwa hadharani kwa tarehe na muhuri ni ushahidi kwa pande zote mbili: mtendaji hawezi kusema sikuwa na taarifa, na mwananchi hawezi kusema sikuambiwa. Ndiyo maana, baada ya kupima yote, bado nasema kila ofisi ya serikali ya mtaa iwe na ubao nje, wenye paa, kwenye njia ya watu, na uwe chanzo rasmi. Simu inakili kutoka ubaoni.

Ubaoni kuwe na mambo machache. Fedha zilizopokelewa mtaani na zilizotumika, kwa tarehe. Nafasi zilizo wazi: mikopo, misaada ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), chanjo, misamaha ya matibabu, na siku ya mwisho ya kila moja. Maamuzi ya kikao kilichopita, na siku ya kikao kijacho, ambacho kiwe jioni au Jumapili mchana. Jina la mtumishi anayehusika na siku anazopatikana. Mwisho, nafasi ya swali la mkazi, na jibu lake kubandikwa pembeni kabla ya mkutano unaofuata. Haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji mbao, bati, fundi seremala, na mtendaji aliyeagizwa na mkurugenzi wake kwamba hii ni sehemu ya kazi atakayopimwa nayo.

Chuo nacho kina deni. Wanafunzi wetu walishiriki katika mradi wa Ramani Huria mwaka 2015, wakatembea na wakazi kuchora mifereji na njia za kata zinazofurika, na kazi yao ikatumika. Napendekeza wanafunzi wa mwaka wa pili wapewe kazi ya namna hiyo: kila mmoja na mtaa wake, muhula mzima, aandike kilichobandikwa, lini, wapi, na kilichofunikwa na kingine. Matokeo tuyapeleke kwa madiwani na kwa wakazi siku ileile. Mwakani, atakayesimama hapa kusema kwamba mkazi wa jiji hajali, atalazimika kwanza kutuonyesha ubao ambao mkazi huyo alipita mbele yake, ukaeleweka, na akaupuuza. Nakubali kushindwa kwa ushahidi wa namna hiyo tu.