Fumbo la Hisabati Lisomwe Kwanza

Mtoto wa darasa la tatu anapewa fumbo: Asha ana machungwa 24, amemzidi Juma kwa 6. Juma ana mangapi? Anaona "amemzidi", anajumlisha, anaandika 30. Kujumlisha anakujua sana; kilichomshinda ni kusoma. Nasi wazazi, kwa haraka zetu za jioni, tunamwambia "toa!", na kesho anakosea tena. George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, aliandika mwaka 1945 kwamba hatua ya kwanza ni kulielewa swali. Basi mwulize: nani ana mengi? Achore mistari miwili, wa Asha mrefu, wa Juma mfupi. Jibu, 18, litajitokeza lenyewe. Mzazi, leo usiku weka kalamu chini, mwache akusimulie swali kwa maneno yake.