Kufuga Kuku wa Mayai Huku Unalea Watoto

Leo nazungumza nawe, mama mwenye kuku wa mayai uani na mtoto mgongoni. Na wewe baba, usiondoke, yanakuhusu.

Watu husema ufugaji wa kuku wamfaa mwenye watoto kwa kuwa kazi iko nyumbani. Ni kweli, lakini kazi ya nyumbani haina kengele ya kutokea. Kuku wanataka maji, mtoto analia, mnunuzi anapiga hodi, na yote ni saa ile ile. Usipopanga, atakayeumia ni mtoto. Kuku akikosa chakula, hasara utaiona upesi kwenye trei. Hasara ya mtoto huchelewa kuonekana.

Kwanza, angalia majira. Vifaranga wanataka joto usiku na mchana kwa majuma 3 au 4 ya mwanzo. Kwa hiyo usiwaingize wakati unakaribia kujifungua. Ukiwaingiza miezi 3 kabla, siku ya kujifungua watakuwa na majuma 13 hivi. Kazi ya moto imekwisha, na kutaga bado. Wataanza kutaga wakiwa na majuma 18 hadi 20, nawe utakuwa umepata nguvu kidogo. Chanjo ya mdondo mpangie siku mapema pamoja na bwana shamba au bibi shamba wako.

Pili, chunga usalama. Kamwe usimlaze mtoto katika chumba cha vifaranga chenye jiko la mkaa, hata kama kuna baridi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua mtu usingizini. Kuku nao huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha hata kama wanaonekana wazima. Basi tenga viatu vya bandani, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Watoto wadogo wasicheze bandani.

Tatu, usiuze mayai yote. Inasikitisha kuona nyumba yenye kuku 100 ambayo watoto wake hawajui ladha ya yai. Watoto 3 wakila yai 1 kila siku, kwa siku 30 ni mayai 90, yaani trei 3. Yaandike katika daftari kama matumizi ya nyumbani, usijidanganye kwamba yamepotea. Mtoto aliyetimiza miezi 6 aweza kuanza kupewa yai lililoiva kabisa, pamoja na maziwa ya mama. Lakini kuku wakipewa dawa, uliza siku za kusubiri. Mayai ya siku hizo usimlishe mtu wala usiyauze.

Nne, gawaneni kazi. Kuku 100 wanaotaga hula kilo 11 hadi 12 za chakula kwa siku, na gunia halijibebi. Baba achukue zamu ya asubuhi bandani, mama anyonyeshe kwa utulivu. Mtoto wa shule aweza kuokota mayai jioni, lakini asikose darasa kwa sababu ya kuuza mayai sokoni. Ukimtoa shuleni ili kuku waendelee, biashara hiyo unaifanya kwa faida ya nani?

Mwisho, fedha. Fungu la chakula cha kuku liwe mbali na fungu la nyumba. Mtoto akiugua usiku, usilazimike kuchagua kati ya dawa yake na gunia la kesho. Kila unapouza, weka kidogo katika fungu la tatu, la dharura.

Ndugu zangu, ikiwa kuku 100 wanakushinda na mtoto ni mchanga, fuga 40. Banda litakungoja, mtoto hangoji, anakua.

Jaribuni haya, na penye tatizo mwoneni mtaalamu wa mifugo aliye karibu nanyi. Kwa leo tuishie hapa. Kwaherini.